India na Pakistan: maswali yanayorudi kila siku kuhusu biashara, mabalozi na ule mpaka uliofungwa

Kila hawa majirani wakikorofishana watu wanaanza upya kuuliza yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa sehemu moja. Nimeanza na mepesi, yale ya kuumiza kichwa yako chini. Hali ninayoielezea ni ya mpaka mwisho wa 2025, na kwa jinsi hawa jamaa walivyo inaweza kubadilika wiki yoyote.

## Mambo ya mwanzo

Kwani India na Pakistan wanafanya biashara au hawafanyi?

Kwenye karatasi hawafanyi. Tarehe 24 Aprili 2025 Pakistan ilisimamisha biashara yote na India, hata ile ya nchi ya tatu inayopitia ardhi yake, na tarehe 2 Mei India nayo ikapiga marufuku kila kitu kinachotoka Pakistan, kije moja kwa moja au kwa kuzunguka, alafu ikazuia na meli zenye bendera ya Pakistan kutia nanga bandarini kwake.

Kwa uhalisia mzigo unapita. Hili ukilishika mapema mengine yote yatakaa sawa: mpaka ule ukifungwa biashara haifi, inabadilisha njia tu na bei inapanda, na anayelipa ni mnunuzi wa mwisho wakati hela ya katikati inabaki kwa mtu wa Dubai (angalia sehemu ya Dubai hapo chini).

Si walikuwa nchi moja? Sasa walianzaje kugombana mpaka kwenye biashara?

Ndiyo, mpaka Agosti 1947 yote ilikuwa India ya Mwingereza. Shida ni kwamba mstari uliochorwa ulikata watu, na ukakata pia minyororo ya uzalishaji. Juti, ile ya kutengenezea magunia, ililimwa Bengal ya mashariki ambayo ikawa Pakistan, ila viwanda vya kuisokota vilikuwa Calcutta, India. Pamba nyingi nzuri ilikuwa Punjab ya magharibi na Sindh, viwanda vya nguo viko Bombay na Ahmedabad. Yaani shamba nchi moja, mashine nchi nyingine.

Ndo maana mwanzoni walitegemeana sana, mwaka 1948-49 zaidi ya nusu ya mauzo ya nje ya Pakistan yalikwenda India. Watu wengi wanadhani biashara iliuliwa na vita lakini pigo kubwa la kwanza lilikuwa la sarafu: Septemba 1949 Uingereza ilishusha thamani ya pauni, India ikashusha rupia yake, Pakistan ikakataa kushusha ya kwake, India nayo ikagoma kuitambua hiyo rate mpya. Juti ikaoza upande mmoja, viwanda vikakosa malighafi upande wa pili, na kila nchi ikaamua kujijengea vyake. Pakistan ikaanza kujenga viwanda vya juti, India ikaanza kulima juti kwa nguvu. Kutoka hapo hawakurudi tena kuwa soko moja.

Mpaka wenyewe ambao kila mtu anautaja uko wapi?

Kituo kikubwa cha barabara ni kimoja tu, upande wa India kinaitwa Attari na upande wa Pakistan Wagah. Kutoka Amritsar mpaka Lahore ni kama kilomita 50, umbali wa daladala mbili. Mwaka 2012 India ilijenga pale kituo kikubwa cha forodha chenye maghala na sehemu ya malori, na vijiji vya jirani vikapata ajira, kulikuwa na makuli zaidi ya elfu moja wanaoshusha na kupakia kwa sababu lori la nchi moja halikuruhusiwa kwenda ndani ya nchi nyingine. Biashara iliposimama 2019 (nimeeleza chini) hao ndo waliumia wa kwanza na sijaona serikali yoyote kati ya hizo mbili ikiwazungumzia sana.

Pale pale ndo kuna lile gwaride la jioni la kushusha bendera, askari wanarusha miguu mpaka usawa wa kichwa, lipo tangu 1959. Baada ya Aprili 2025 upande wa India wamelipunguza, lango halifunguliwi na makamanda hawapeani mikono.

Wamepigana mara ngapi, na kila mara biashara ilikuwa inafungwa?

Vita vinavyohesabiwa na wengi ni 1947-48, 1965, 1971 na Kargil 1999, alafu kuna mapigano ya siku nne ya Mei 2025. Kuhusu biashara jibu sio la moja kwa moja. Baada ya 1965 ilisimama kabisa mpaka walipokubaliana kuifungua tena 1974, yaani karibu miaka tisa. Lakini 1999 wakati wanajeshi wanauana kwenye milima ya Kargil basi la Delhi kwenda Lahore liliendelea kukimbia, tena ni basi lile lile ambalo waziri mkuu wa India Vajpayee alilipanda Februari mwaka huo huo kwenda kusaini Azimio la Lahore la kutafuta amani. Basi hilo lilikuja kusimamishwa baada ya shambulio la bunge la India Desemba 2001, likarudi 2003.

Kwa hiyo usifikiri kuna sheria kwamba vita ikianza duka linafungwa. Inategemea hasira ya nani iko wapi siku hiyo.

## Ushuru, makatazo na nani alianza

Hii "taifa linalopendelewa zaidi" ni nini na kwa nini wanaigombania hivyo?

Jina linadanganya. Ukimpa mtu hadhi hiyo chini ya sheria za WTO, Shirika la Biashara Duniani, haimaanishi unampendelea, ina maana unamtoza ushuru ule ule unaowatoza wanachama wengine, basi. India iliipa Pakistan hadhi hiyo mwaka 1996. Pakistan haikuwahi kuirudisha mpaka leo.

Sababu za Pakistan zilikuwa mbili. Ya wazi ni Kashmir, eneo la milimani ambalo kila mmoja anadai ni lake, kwamba huwezi kumwita "anayependelewa" mtu mnayegombana naye ardhi, na kwa siasa za Islamabad hilo neno lilikuwa sumu. Ya pili inasemwa kwa sauti ya chini: wenye viwanda vya magari, dawa na nguo waliogopa kumezwa na India. Alafu wana hoja kwamba hata hiyo hadhi ya 1996 haikuwasaidia sana, kwa sababu bidhaa zao zikifika India zinakwama kwenye vipimo vya ubora, vibali na ukaguzi usioisha. Mimi naona hoja hii ina ukweli, wafanyabiashara wa saruji na nguo wa Pakistan walililia hilo miaka mingi.

Badala ya hadhi hiyo Pakistan ilikuwa na orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kuingia kutoka India. Machi 2012 wakageuza, wakaweka orodha ya vilivyokatazwa, bidhaa 1,209, kingine chochote ruksa. Ilikuwa hatua kubwa ila kwa njia ya barabara ya Wagah walibakiza bidhaa 137 tu, vingine vizunguke kwa bahari kupitia Karachi. Fikiria uko Amritsar, mteja yuko Lahore, mzigo unashuka mpaka Mumbai, unapanda meli mpaka Karachi, alafu unapanda tena kaskazini zaidi ya kilomita elfu moja.

Ushuru wa asilimia 200 ulitokea wapi?

Tarehe 14 Februari 2019 kulikuwa na shambulio la bomu Pulwama, Kashmir, lililoua askari 40 wa India. Siku iliyofuata India ikaifuta ile hadhi ya 1996 na tarehe 16 ikapandisha ushuru mpaka asilimia 200 kwa kila kitu cha Pakistan. Malori ya saruji yaliyokuwa tayari kwenye foleni Wagah yakajikuta bei imekuwa mara tatu kabla hayajasogea. Hakuna aliyetangaza "tumefunga biashara", ila mauzo ya Pakistan kwenda India yalikauka.

Kwa hiyo India ndo iliyofunga biashara?

Hapana, na hapa watu wanabishana sana. India ilipandisha ushuru Februari 2019, ila aliyesimamisha biashara rasmi ni Pakistan, Agosti 2019, baada ya India kuiondolea Kashmir ile hadhi maalum ya kikatiba tarehe 5. Siku mbili baadaye Pakistan ikatangaza inashusha kiwango cha uhusiano wa kibalozi, inamrudisha balozi wa India na inasimamisha biashara. Treni ya Samjhauta, iliyounganisha nchi hizo mbili tangu 1976, nayo ikasimama.

Alafu cha kuchekesha, Septemba hiyo hiyo Pakistan ikabidi iruhusu dawa na malighafi za dawa kutoka India maana hospitali zingeathirika. Ndo kitu kikuu kilichoendelea kupita mpaka katazo la 2025.

Ile ya sukari na pamba ya 2021 ilikuwaje?

Hii ndo naipenda. Februari 2021 majeshi yalikubaliana kuheshimu usitishaji mapigano kwenye Mstari wa Udhibiti, ule unaoigawa Kashmir kati yao, hali ikatulia. Pakistan sukari ilikuwa bei juu na Ramadhani inakaribia, viwanda vya nguo havina pamba kwa sababu mavuno yalikuwa mabovu. Tarehe 31 Machi waziri wa fedha Hammad Azhar akatangaza kamati ya uchumi ya baraza la mawaziri imeruhusu kuagiza sukari na pamba kutoka India. Kesho yake, tarehe 1 Aprili, baraza zima likakaa likaikataa, wakasema haiwezekani mpaka India irudishe hadhi ya Kashmir.

Siku moja tu. Wenye viwanda walikuwa wameshaanza kupiga simu.

Walikuwa wanauziana nini hasa, na kwa kiasi gani?

Mwaka wa fedha 2018-19, wa mwisho kabla ya kufunga, India iliuza Pakistan bidhaa za kama dola bilioni 2 na kununua za nusu bilioni hivi. India ilikuwa inatoa pamba, kemikali, plastiki, rangi za viwandani na nyanya zile za msimu ambazo zikikosekana Lahore bei inaruka. Pakistan ilikuwa inatoa saruji, tende kavu, jasi, matunda na chumvi ya mawe.

Kwa nchi zenye watu zaidi ya bilioni 1.6 ukizijumlisha hiyo ni hela ya mboga. Benki ya Dunia mwaka 2018 ilikadiria kwamba bila vikwazo biashara yao ingeweza kufika dola bilioni 37. Hata ukigawa kwa nusu bado ni pengo kubwa.

## Njia ya Dubai

Kama wamefunga, bidhaa za India zinafikaje Karachi?

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh hili wataelewa haraka kuliko wachumi. Kontena linatoka Mumbai linaenda bandari ya Jebel Ali, Dubai, kwa mnunuzi aliyesajili kampuni pale. Linashushwa kwenye ghala la eneo huru ambako forodha haijatoza kitu bado. Pale linakaa, makaratasi yanabadilishwa, mara nyingine na lebo na maboksi, alafu linapakiwa upya kwenda Karachi likionekana ni mzigo wa Emirates. Singapore na Colombo nazo zinatumika ila Dubai ndo baba lao, kwa sababu ya ukaribu na kwa sababu Wahindi na Wapakistani wako pale kwa maelfu ya maelfu, wanafahamiana, mwingine ana duka mlango wa pili.

Taasisi ya utafiti wa biashara ya Delhi inayoitwa GTRI mwaka 2025 ilikadiria mzigo wa India unaofika Pakistan kwa njia hii unazidi dola bilioni 10 kwa mwaka. Ni makadirio, mtu hawezi kuhesabu kitu kilichofichwa kwa uhakika, ila ukilinganisha na hizo bilioni mbili za njia rasmi unapata picha.

Na za Pakistan kwenda India?

Zipo pia, ila huku serikali imekaza zaidi. Baada ya katazo la Mei 2025 maafisa wa India wa ujasusi wa mapato walifanya msako na Juni wakatangaza wamekamata makontena 39 yenye tani 1,115 za bidhaa za Pakistan zilizopitia Dubai, zikiwemo tende kavu. Ujanja ni ule ule wa karatasi, cheti cha uasili kinasema Emirates wakati tende zimetoka Sindh.

Ukifanya biashara ya aina hii ukiwa mtu wa kati kutoka nchi nyingine, jua kwamba sheria ya India inakataza hata mzigo unaopita tu. Usikubali mtu akutumie jina la kampuni yako kwenye karatasi.

Chumvi ya pinki ya Himalaya ni ya India au ya Pakistan?

Ya Pakistan, inatoka mgodi wa Khewra ulioko Punjab ya Pakistan. Kwa miaka mingi India ilikuwa inanunua mawe kwa bei ya chini, inasaga, inafungasha vizuri na kuuza nje, jambo lililowaudhi sana Wapakistani. Wahindu wanaitumia siku za kufunga kwa hiyo soko la ndani ni kubwa. Baada ya Mei 2025 wauzaji wa Amritsar walilia kwamba bei imepaa na stoo zinaisha.

Kwa nini Pakistan inakunywa chai ya Kenya wakati India iko hapo ukutani?

Swali zuri na jibu lake linatugusa moja kwa moja. Pakistan karibu hailimi chai, ina eneo dogo tu la kaskazini. Kabla ya 1971 ilikuwa inapata kutoka mashamba ya Sylhet, Pakistan ya mashariki. Bangladesh ilipojitenga chai ikaenda nayo, na India ya Assam ndo ilikuwa jibu rahisi ila siasa hazikuruhusu kuitegemea. Wakatazama Sri Lanka na Kenya, na chai ya Kenya ile ya chembechembe inayotoa rangi kali ikakubalika kwa sababu wao kama sisi wanachemsha na maziwa.

Leo Pakistan ndo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, wanunuzi wake wako kila mnada wa Mombasa, ambako inauzwa pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Na hii inakata pande zote. Juni 2022 Pakistan ilipoishiwa dola waziri Ahsan Iqbal aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili kwa siku, watu wakamcheka mitandaoni, ila Kericho haikuwa kicheko. Kwa upande wa pili mchele wa Pakistan umejaa Kenya, na mojawapo ya sababu za Kenya kuutoza asilimia 35 badala ya ile 75 ya Afrika Mashariki ni kutoichokoza Pakistan kwenye chai.

Kwa hiyo ukisikia siku moja Wagah imefunguliwa na chai ya Assam inapita kwa lori, mkulima wa Kericho ana haki ya kuwa na wasiwasi. Sioni hilo likitokea karibuni.

## Mabalozi, mikataba na simu za usiku

Wana mabalozi au wamevunja uhusiano kabisa?

Uhusiano upo, umepunguzwa tu. Tangu Agosti 2019 hakuna balozi kamili Delhi wala Islamabad, ofisi zinaongozwa na kaimu. Wafanyakazi walikuwa 110 kila upande, wakashuka 55 mwaka 2020, na Aprili 2025 wakashushwa mpaka 30, washauri wa kijeshi wote wakafukuzwa. Watu 30 ni pamoja na madereva na wapishi, kwa hiyo ukiomba viza usitegemee miujiza.

Nini hasa kilitokea Aprili na Mei 2025?

Kwa ufupi. Tarehe 22 Aprili watu wenye silaha waliua watu 26, wengi watalii, Pahalgam, Kashmir upande wa India. India ikailaumu Pakistan, Pakistan ikakana na kutaka uchunguzi huru. Tarehe 23 India ikafunga Attari na kusema mkataba wa maji umesitishwa, tarehe 24 Pakistan ikajibu kwa kufunga anga na biashara. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei India ikarusha makombora ndani ya Pakistan, zikafuata siku nne za droni, makombora na mizinga, na tarehe 10 Mei wakasitisha.

Nani alisuluhisha, ni Trump kweli?

Trump ndo alitangaza wa kwanza na amelirudia mara nyingi sana. Pakistan imemshukuru. India inasema hakuna msuluhishi, kwamba wakuu wa operesheni za kijeshi wa nchi mbili walipigiana simu saa tisa na dakika 35 mchana kwa saa za India, wakamalizana. India inashikilia hivyo kwa sababu ya Mkataba wa Simla wa 1972, uliosema mambo yao watayamaliza wao wawili, na ikikubali mtu wa tatu leo basi kesho ataulizia Kashmir. Naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: Wamarekani walipiga simu nyingi, na mwisho mwanajeshi akampigia mwanajeshi.

Mkataba wa Maji ya Indus ni nini, na India inaweza kweli kufunga maji?

Ulisainiwa Karachi Septemba 1960 na Nehru, waziri mkuu wa India, na Ayub Khan, rais wa Pakistan, Benki ya Dunia ikiwa kati. Mito mitatu ya mashariki, Ravi, Beas na Sutlej, ikapewa India. Mitatu ya magharibi, Indus yenyewe, Jhelum na Chenab, ikapewa Pakistan, na hiyo ndo inabeba kama asilimia 80 ya maji yote. Mkataba ulivuka vita ya 1965, ya 1971 na Kargil bila kuguswa, ndo maana hatua ya 2025 ilishtua.

Kufunga kabisa haiwezi, angalau sio leo, kwa sababu kwenye ile mito ya magharibi haina mabwawa makubwa ya kuhifadhia, mitambo yake mingi inatumia maji yanayopita tu. Inachoweza ni kuchezea muda, kuzuia siku kadhaa alafu kufungulia kwa ghafla, na kuacha kutoa taarifa za kina cha mito. Kwa mkulima wa Punjab ya Pakistan anayepanda mpunga, wiki mbili za kukosa maji au mafuriko bila onyo ni hasara tosha.

SAARC, ile jumuiya ya nchi za Asia ya Kusini, imefia wapi?

Iko hai Kathmandu kwenye sekretarieti. Mkutano wa mwisho wa wakuu ulikuwa Novemba 2014, uliofuata ulipangwa Islamabad 2016 ukavunjika baada ya shambulio la kambi ya jeshi la India huko Uri, Kashmir. Mkataba wa soko huria wa kanda, SAFTA, ulianza 2006 lakini kama wakubwa wawili hawauziani hilo soko linabaki la nani?

Kuna wakati walikaribia kupatana?

Kama mara tatu nne. Lahore Februari 1999, miezi michache baadaye Kargil. Agra 2001, Desemba bunge likashambuliwa. Miaka ya 2004 mpaka 2008 hali ilikuwa nzuri kweli, mabasi, treni mpya ya Rajasthan na Sindh, alafu likaja shambulio la Mumbai Novemba 2008, watu 166 wakauawa. Na Krismasi ya 2015 waziri mkuu wa India Modi akitokea Kabul alishuka Lahore bila taarifa kumsalimia mwenzake wa Pakistan, Nawaz Sharif, siku ya kuzaliwa kwake Sharif, na nyumbani kulikuwa na harusi ya mjukuu. Wiki moja baadaye kambi ya jeshi la anga la India ya Pathankot ikavamiwa. Utaona mtindo, na wanaodai kwamba kuna watu hawataki mapatano hawakosi ushahidi.

## Maswali ya pembeni

Anga ikifungwa anayeumia ni nani?

Mashirika ya India zaidi, kwa sababu ndege za Delhi kwenda Ulaya na Marekani zinakatiza Pakistan. Mwaka 2019 ilifungwa kuanzia mwisho wa Februari mpaka katikati ya Julai. Safari hii imefungwa tangu Aprili 2025 na wanaongeza mwezi baada ya mwezi, pande zote mbili. Shirika la ndege la India la IndiGo lilisitisha safari za Almaty na Tashkent, Asia ya Kati, kwa sababu ndege zake haziwezi kuzunguka umbali huo. Pakistan nayo inakosa ada za kupita, na kwa nchi inayotafuta dola hiyo sio kidogo.

Ni kweli kuna sehemu walikuwa wanabadilishana mali kwa mali?

Kweli, ndani ya Kashmir. Oktoba 2008 walifungua njia mbili kuvuka Mstari wa Udhibiti, bidhaa 21 zilizokubaliwa, bila ushuru na bila fedha. Huyu analeta lozi, yule anatoa ndizi, wanaandikiana madaftari. Hakukuwa na benki wala simu za kuaminika kwa hiyo ilikuwa ni kuaminiana. India iliifunga Aprili 2019 ikisema inatumika kupitisha silaha, dawa za kulevya na fedha bandia.

Afghanistan inaingiaje hapa?

Kwa makubaliano ya 2010 kati yake na Pakistan, lori la Afghanistan lilikuwa linaweza kuleta matunda na karanga mpaka Wagah, ila halikuruhusiwa kurudi na mzigo wa India. Ndo maana India iliwekeza kwenye bandari ya Chabahar, Iran, kuizunguka Pakistan. Mwaka 2022 Pakistan iliruhusu kwa upekee ngano ya msaada ya India, tani 50,000, ipite kwenda Afghanistan.

Mahujaji wa Kisikh bado wanavuka?

Njia ya kwenda hekalu la Kisikh la Kartarpur, Pakistan, ilifunguliwa Novemba 2019, kama kilomita nne tu kutoka mpakani, Mhindi alikuwa anavuka bila viza asubuhi anarudi jioni, Pakistan inatoza dola 20. India iliifunga upande wake Mei 2025. Lakini Novemba 2025 mahujaji walioomba kwa utaratibu wa zamani wa viza waliruhusiwa kuvukia Attari kwa sikukuu ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao. Kwa hiyo lango linafunguka, ila kwa nani, hilo ndo suala.

Mbona kriketi wanacheza?

Wanacheza mashindano ya mataifa mengi tu, tena uwanja wa nchi ya tatu. Mfululizo wao wa mwisho wa wawili ulikuwa 2012-13. Kombe la Asia la Septemba 2025 lilichezwa Emirates, Wahindi wakakataa kupeana mikono, wakashinda fainali na kukataa kupokea kombe kutoka kwa Mohsin Naqvi ambaye ni mwenyekiti wa kriketi Pakistan na pia waziri wa mambo ya ndani. Ila hela za matangazo ya hiyo mechi hakuna aliyezikataa.

Wavuvi wanaokamatwa baharini wanatolewaje?

Mpaka wa bahari karibu na Sir Creek, mkono wa bahari kati ya Gujarat ya India na Sindh ya Pakistan, haujakubaliwa, mvuvi wa Gujarat au wa Karachi anafuata samaki anajikuta jela. Kuna makubaliano ya 2008 kwamba kila 1 Januari na 1 Julai wanapeana orodha ya wafungwa wa upande wa pili, na hata Julai 2025, wiki saba tu baada ya makombora, walipeana. Tatizo ni kwamba kumaliza kifungo hakumaanishi kuachiwa, inabidi uraia uthibitishwe na wakubwa wawe kwenye hali nzuri, na boti mara nyingi harudishiwi.

Mimi ni Mkenya au Mtanzania wa asili ya kule, babu alitoka Lahore kabla ya 1947. Nitapata viza ya India?

Unaweza kupata ila usiombe ile ya mtandaoni. Viza ya elektroniki ya India haitolewi kwa mwenye pasi ya Pakistan wala mwenye asili ya Pakistan, na fomu inauliza wazazi na babu na bibi. Familia nyingi zilizokuja enzi za reli ya Uganda zilitoka Punjab, na babu aliyepanda meli Karachi hakuwahi kuwa raia wa nchi iliyokuwa bado haipo, lakini mji wake leo uko Pakistan na afisa anaangalia ramani ya leo. Omba kupitia ubalozi wa India Nairobi au Dar, peleka vyeti vya kuzaliwa vya babu kama vipo, usifiche kitu kwenye fomu, na omba mapema kabla ya kukata tiketi maana faili la aina hii hupelekwa Delhi kuhakikiwa.